Bi Mpishi na Karavani Yake

Bi Mpishi hakuondoka mahali kabla hajaizunguka kwa miguu karavani yake, ile nyumba ya bati aliyoivuta kwa pikapu, kiganja kikipita juu ya bati kama anayempapasa ng'ombe kabla ya kumkama. Alianzia penye kipira, kile chuma cha mviringo kilichotokeza nyuma ya pikapu, akahakikisha kikombe cha mkono wa karavani kimekikalia sawasawa na komeo limefungwa. Akautikisa mnyororo wa usalama. Akalipiga kila tairi teke moja, akasikiliza. Akavuta mlango, akavuta madirisha, kisha akanituma niwashe taa huku yeye amesimama nyuma akipaza sauti, "Kulia! Kushoto! Breki! Haya, zima!" Mwisho alirudi pale pale penye kipira, akakigusa tena, akasema bismillahi, akapanda. Ukimsemesha anapozunguka, hata kwa salamu tu, alianza upya.

Alikuwa mpishi wa arusi. Tangu Mambrui hadi Mtwapa, nyumba iliyotaka pilau ya watu wengi ilimpelekea habari yeye, na jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia likitajwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyokomaa kwa kukoroga masufuria makubwa. Buibui lake alilivaa akienda mjini. Safarini alijifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na miguuni alivaa raba za wacheza mpira, kwa sababu, alisema, kandambili huteleza kwenye klachi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Kitaita niliyehamishiwa Malindi bila kumjua mtu, nikapanga chumba jirani na kwake katika mtaa wa Shela. Asubuhi ya kwanza nilimwambia, "Habari yako, mama." Alinitazama juu hadi chini.

"Nzuri," akasema. "Lakini huko kwenu milimani hakuna shikamoo?"

Nikamwamkia kama inavyotakiwa. Akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akaniletea mahamri na mbaazi, na tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, hata pale ambapo yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha. Shule zilipofungwa nilifuatana naye arusini. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kumsikiliza.

Zamani alikuwa akilala katika nyumba za arusi zenyewe. Taabu yake alinisimulia mara nyingi: wanawake wanapiga vigelegele mpaka alfajiri, watoto wanamkanyaga, na mashangazi wa bibi arusi wanakuja mmoja mmoja kumwuliza kama nyama itatosha. "Nikikosa usingizi natia chumvi mara mbili," alisema, "kisha lawama ni zangu." Halafu wakaja mume na mke wa Kijerumani waliosafiri kwa gari tangu kwao, wakiivuta karavani yao mpaka ufuo wa Bofa, kaskazini mwa Kilifi. Bi Mpishi aliwapikia msimu mzima. Walipoamua kurudi kwao kwa ndege, yule mume aliitazama karavani, akaitazama sufuria ya samaki wa kupaka, akamkabidhi ufunguo. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na kila aliposimulia ile sufuria ilizidi ukubwa.

Kuendesha alikuwa amefundishwa na marehemu mumewe, dereva wa lori la mawe ya kujengea, na pikapu ya kubebea vyombo alikuwa nayo. Alichohitaji ni kile kipira tu, na fundi wa kuchomelea vyuma akamtilia. Watu walicheka. Wakaiita nyumba ya kobe. Yeye akacheka nao.

"Kobe ana raha," akawajibu. "Hajapata kuulizwa usiku kama nyama itatosha."

Ndani mlikuwa na vitanda viwili vyembamba, meza ya kukunja, kabati dogo, na mapazia aliyoyashona kwa leso. Mlikuwa na harufu ya iliki na grisi. Aliipenda nyumba ile kuliko nyumba yake ya mawe, na aliitunza kwa wivu. Adui zake walikuwa wawili, jua na chumvi. Kwa ajili ya jua aliijengea banda la makuti, kwa maana alikuwa ameona jinsi maungio ya paa yanavyopasuka yakiachwa wazi, na mahali palipopasuka ndipo maji ya mvua ya masika yanapoingia, na maji yakishaingia mbao zinaoza kimya kimya nyuma ya bati linalong'aa. Kabla ya masika alipanda ngazi, mama mzima, akapitisha kidole juu ya kila ungio na kuziba kila ufa. Matairi aliyafunika kwa magunia.

Chumvi ilimkera zaidi. Karavani ikitoka ufuoni, kabla hata ya chai, ilioshwa tumboni kwa maji matamu, si ya kisima cha mtaani chenye magadi, na chuma chake cha chini kikapakwa mafuta machafu ya gari. "Juu hapana neno," aliniambia, akiwa amelala chali chini ya karavani, raba zake tu ndizo zinazoonekana. "Juu kila mtu anaosha. Huku chini ndiko inakofia." Ndani ya makabati aliweka vibakuli vya makaa ya kunyonya unyevu, na madirisha aliyaacha wazi kidogo mchana ili upepo upite. Jirani mmoja alipata kusema kwamba Bi Mpishi akiumwa mgongo hunywa maji ya moto akalala, lakini karavani ikilia kidogo tu huitiwa mafundi wawili. Lilikuwa neno la kweli.

Jambo lililomfanya awe mkali hasa ni upakiaji. Mtu yeyote aliruhusiwa kuosha masufuria yake. Hakuna aliyeruhusiwa kupakia. Magunia ya mchele yalikaa sakafuni juu ya magurudumu, au mbele yake kidogo. Nyuma viliwekwa vyano vya kupakulia, mapazia ya akiba na mito. Hakuna kilichowekwa juu kabatini isipokuwa vitu vyepesi. Halafu, kabla ya kuikalisha karavani juu ya kipira, aliniita tuuinue ule mkono wake wa mbele. Kama aliweza kuuinua peke yake bila kukunja uso, ulikuwa mwepesi mno, na gunia moja lilisogezwa mbele. Kama tulishindwa sote wawili, ulikuwa mzito mno, ungeilemea pikapu nyuma na kuufanya usukani uelee. Alitaka uwe wa kutufanya tugune sote wawili tukiinua. Huo ndio uliokuwa mzani wake.

Alipokuwa ameshika usukani hakusema neno. Huyu ambaye sokoni alisimamishwa na kila mtu, akasahau alichokifuata, barabarani alikuwa bubu. Alikwenda polepole, mabasi yakatupita yakipiga honi, abiria wakatuchungulia, naye akatazama mbele na kwenye vioo, mbele na kwenye vioo. Mbele yake aliacha nafasi ambayo kundi zima la mbuzi lingeweza kuvuka. "Pikapu ina breki," alinieleza tulipopumzika. "Huyu ninayemvuta hana. Nikisimama mimi, yeye bado anakuja." Tukifika Gede alisimama kila safari, tukashuka. Aliligusa kila gurudumu katikati kwa nyuma ya kiganja, kuona kama beringi zimepata moto, na akazikaza nati kwa spana, kwa kuwa nati hulegea mwanzo wa safari. Kisha akanunua ndizi, akaanza kuzungumza, na muuza ndizi akapata habari zote za Malindi.

Polisi mmoja mgeni aliwahi kutusimamisha kwenye kizuizi. Aliizunguka karavani, akachungulia dirishani, akaona mapazia.

"Mama, hii ni nyumba au ni gari?"

"Ikisimama ni nyumba, mwanangu. Ikitembea ni mzigo."

"Na ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu. Hapandi mtu humo ninapovuta. Na wewe ukija kuwa na yako, usimpandishe mtu, hata akikulilia." Polisi akasema sawa, mama, kama vile yeye ndiye aliyesimamishwa.

Sheria hiyo aliivunja mahali pamoja tu, penye feri ya Kilifi. Bi Mpishi alizaliwa pwani na aliogopa maji. Miguu yake haikupata kuingia baharini kupita vifundo. Siku zile daraja halikuwepo, na kila arusi ya ng'ambo ilimpitisha juu ya ule mkono wa bahari. Aliendesha vizuri mpaka ndani ya feri, akavuta breki ya mkono, akaweka kabari za mbao kwenye magurudumu, kisha akaingia ndani ya karavani, akashusha mapazia, akasoma kila aya aliyoijua mpaka aliposikia mlango wa feri ukigonga upande wa pili. "Hapo ninayevuta si mimi," alijitetea. "Anavuta mwenye feri." Akatoka ametulia, akatoa kabari, akaendesha.

Arusi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Takaungu. Bwana arusi alikuwa kijana wa Malindi, bibi arusi wa Takaungu, na upande wa mume ndio uliomleta Bi Mpishi. Wakamtuma ami yake bwana arusi afuatane nasi asimamie mambo. Alikuwa mzee mnene mwenye duka la vitambaa, kanzu imepigwa pasi ikasimama yenyewe, na alikuwa mtu wa haraka. Tulikuwa tumekwisha pakia na kuinua na kuguna, na Bi Mpishi ameingia nyumbani kwake kuoga. Mimi nilikwenda kufunga chumba changu. Huku nyuma ami akaletewa na vijana wake mapipa mawili ya maji matamu, kwa vile alisikia kwamba maji ya Takaungu yana chumvi na hayafai kwa pilau, akayatia karavanini mahali alipoona pana nafasi. Palipokuwa na nafasi ni nyuma kabisa, penye mito.

Tuliporudi alikuwa ameshakaa garini, anapiga honi.

"Bi Mpishi, watu wanangoja!"

"Arusi si kesho?"

"Kesho ni leo, bibi! Twende!"

Sijui kwa nini alimsikiliza. Labda ni kwa sababu ya umri wake, au ile kanzu. Alikigusa kipira, akaguna kidogo, akapanda bila kuzunguka.

Gede hatukusimama, kwa haraka za ami, na tangu hapo nilihisi jambo. Pikapu ilikuwa nyepesi nyuma, inarukaruka. Bi Mpishi alikuwa bubu wake wa kawaida, lakini macho yalikwenda kwenye kioo zaidi ya desturi. Ami ndiye aliyezungumza, kuhusu bei ya vitambaa na uvivu wa vijana. Tulipofika mahali barabara inapoteremka kabla ya Tezo, mwendo ukaongezeka wenyewe, na karavani ikaanza kutikisa mkia. Mara ya kwanza ilikuwa kama mtu anatugusa bega. Mara ya pili pikapu nzima ilivutwa kushoto, kisha kulia, na kule mbele lori la mkonge lilikuwa linapanda, limejaa, likija upande wake na sisi tunauchukua upande huo.

"Kanyaga breki!" ami akapiga ukelele. "Breki, mwanamke!"

Hakukanyaga. Nilikuwa nimekaa katikati, nikauona mguu wake ukiondoka kwenye mafuta taratibu, kama mtu anayejitoa kitandani asimwamshe mtoto. Mikono yake haikufuatana na karavani. Ilishika usukani ukatazama mbele, basi. Tulitikiswa mara kadha wa kadha, kila mara pungufu ya iliyotangulia, na lori likatupita karibu hata nikasikia harufu ya mkonge. Halafu tukawa tunakwenda sawa, polepole, na hakuna aliyekuwa akizungumzia vitambaa. Akaegesha kando ya barabara, akazima gari, akavuta breki ya mkono.

"Ungepiga breki—" nikaanza.

"Ingetupita. Ingetaka kuwa mbele yetu." Akashuka.

Hakuhitaji kutafuta sababu. Karavani ilikuwa imekalia matako, pua yake juu, na pikapu imeinuliwa nyuma. Alifungua mlango akayaona mapipa. Ami alishuka naye, uso umemwiva, akitafuta pa kuanzia. Nilingoja nisikie atakavyomkaripia, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kumwona akimfukuza mtu jikoni kwa sababu ya kitunguu kilichokatwa vibaya. Lakini alimtazama yule mzee, akayaona mavumbi kwenye kanzu na miguu isiyosimama vizuri, akasema tu, "Kaa kivulini, ami. Kunywa maji. Yako mengi."

Kwa bahati wanawake wa kijiji walikuwa wakipita na ndoo tupu kwenda kuteka, nao walikuwa na mwendo mrefu mbele yao. Bi Mpishi akawaita. Wakapanga foleni nyuma ya karavani, wakicheka, hawaamini kwamba maji yamewafuata barabarani yamevaa mapazia. Ami alijaribu mara moja.

"Maji matamu hayo, bibi. Ya pilau!"

"Takaungu kuna watu, ami. Wanakunywa nini?"

Mapipa yakatoka matupu, tukayapakia pikapu. Safari hii aliizunguka karavani yote, huku ami akimfuata nyuma na kugusa alipogusa yeye.

Tungekuwa tumemaliza taabu, lakini ami alikuwa bado ni mtu wa haraka. Tulipofika Kilifi maji yalikuwa yamekupwa, njia ya kushukia feri imekuwa na mteremko mkali, nayo feri inakuja kutoka ng'ambo. Bi Mpishi alishuka kutafuta mbao za kuweka chini ya magurudumu ili mkia usikwaruze. Alipokwisha ziweka, ami alikwisha tangulia mpaka chini, anapunga mikono, njoo, njoo, pana nafasi. Tukashuka mpaka karibu na maji. Nafasi haikuwepo. Feri ikaja ikafungua mlango, na gari la kwanza ndani yake lilikuwa teksi yenye mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, mama yake amemshika kichwa, wanakimbilia hospitali ya Kilifi. Na sisi ndio tuliokuwa tumeziba njia.

Kurudisha karavani nyuma ni kazi hata kwenye uwanja mtupu. Hapa ilikuwa ni kupanda kilima kinyumenyume, njia nyembamba, magari yamejipanga upande mmoja na ukingo wa maji upande mwingine. Watu wakakusanyika papo hapo, kila mmoja ni dereva. "Kata kulia, mama!" "Kulia wapi, kata kushoto!" "Fungua karavani tuisukume!" Yule dereva wa teksi aliweka mkono kwenye honi hakuutoa.

Bi Mpishi akazima injini. Akafungua mlango, akasimama juu ya kizingiti cha gari, akaonekana na wote.

"Nataka mtu mmoja," alisema. "Wengine wote nyamazeni. Mwalimu, nenda nyuma. Ukiniona kwenye kioo, nami nakuona. Usipige kelele, onyesha mkono. Nikikukosa kiooni nasimama."

Nilikwenda nyuma, nikasimama mahali alipoweza kuniona. Watu walinyamaza, hata honi ikanyamaza, na katika kimya kile tulimsikia yule mwanamke ndani ya teksi. Bi Mpishi aliwasha. Alishika usukani kwa chini, mkono mmoja, akarudi polepole hata ukadhani harudi. Mkia ulipoanza kwenda upande wa maji nilinyoosha mkono, akarekebisha kidogo tu, ukarudi. Ulipozidi upande wa magari nilinyoosha mwingine. Mara moja aliona kwamba imepinda sana, hakung'ang'ana nayo. Alisogea mbele kidogo ikanyooka, akaanza tena. Ami naye aliokota zile mbao, akawa anakimbia kando, kanzu ameifunga kiunoni, anasukuma wenye baiskeli wapishe. Tukafika juu penye upana. Teksi ikapita kwa kasi, na mama mtu akatoa mkono dirishani akatupungia.

Kesho yake, pilau ikiwa inapakuliwa Takaungu, mtu aliyetoka Kilifi alituambia kwamba yule mwanamke alijifungua salama, mtoto wa kike. Bi Mpishi akasema alhamdulillahi, akaenda nyuma ya karavani, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akalaumu vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimekwisha pikwa zamani. Pilau ilitoka njema. Ilipikwa kwa maji ya Takaungu na hakuna aliyeuliza. Siku ya kurudi ami alikataa kupanda gari mpaka naye aulizwe kama ameridhika na upakiaji, maana kila sufuria alikuwa amelileta mwenyewe mlangoni na kumwuliza Bi Mpishi, "Hili nilitie wapi?"

Baada ya hapo nilimwomba anifundishe. Alinipeleka kwenye uwanja wa mpira asubuhi, kabla ya jua kali. Kwenda mbele nilielewa upesi: ukikata kona, nenda mbali kwanza ndipo ukate, kwa kuwa karavani haifuati njia yako, inakata ndani. Kurudi nyuma kulinitoa machozi. Niligeuza usukani kulia, mkia ukaenda kushoto. Niligeuza zaidi, ikajikunja kama kisu.

"Mwalimu, unatumia akili nyingi," alisema, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya uwanja. "Shika usukani hapa chini. Unataka mkia uende wapi?"

"Kushoto."

"Peleka mkono kushoto. Basi. Usifikirie."

Nikapeleka, ukaenda. Nilipiga kelele ya furaha hata mbwa akabweka. Mwanamke huyu aliyeweza kuipitisha karavani penye tundu la sindano hakuweza, nakumbuka vizuri, kuegesha pikapu tupu mbele ya duka. Bila kitu nyuma alipotea kabisa, akapanda ukingo, akagusa pipa la takataka, akashuka akiilaumu serikali ya mji.

Nilihamishiwa Mombasa, na kwa muda salamu zetu zikawa za kupitia kwa watu. Mwishoni mwa miaka ya themanini nikasikia kwamba mguu wake wa kushoto umekataa klachi, amehamia Junju kwa binti wa nduguye. Nikaenda nikiwa nimejiandaa kuona mgonjwa. Nilimkuta amekaa mlangoni pa karavani, imeinuliwa juu ya matofali chini ya banda, magurudumu yametolewa yamelazwa ndani. Aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ile ile.

"Unashangaa magurudumu? Gari lisilotembea huliachi likakalia matairi, yanapinda," alisema. Alikuwa amenenepa, na fimbo ilikuwa kando yake. Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za shule, za mume wangu, za kwetu Wundanyi. Kisha akatazama nje, kwenye minazi ya shamba.

"Unajua, Mwalimu, mimi pwani hii nimeimaliza. Mambrui, Takaungu, Mtwapa. Na kila nilipofika nimekuta watu wananingojea kula."

"Unataka kwenda wapi?"

Alifikiri kama mtoto aliyeulizwa anataka zawadi gani. "Bofa," akasema. "Wale Wajerumani walikuwa wakikaa tu pale wanatazama. Nilikuwa nawaona wajinga."

Nilikuwa likizo. Mimi na yule binti wa nduguye tulitia beringi grisi mpya, tukarudisha magurudumu, tukainua mkono tukaguna. Pikapu ilikuwepo, mume wa yule binti akiitumia kubebea nazi. Bi Mpishi alikaa kando yangu njia nzima, na kwa kuwa hakuwa yeye anayeendesha, alizungumza bila kituo toka Junju hadi tulipovuka Kilifi, ambako walikuwa wameanza kujenga daraja. Bofa nilirudisha karavani chini ya mivinje, nikaifunga kabari, nikashusha miguu yake ya kuisimamisha sawa. Nikamtolea kiti mpaka kwenye mchanga.

Akakaa. Baada ya kitambo akaniuliza, "Sasa tunafanya nini?"

"Hatufanyi kitu, Bi Mpishi."

"Mpaka saa ngapi?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini mikono yake haikujua pa kukaa. Ilipanga leso, ikaipangua. Jua lilikuwa bado juu. Mama mmoja muuza samaki akapita na beseni kichwani, akaiona karavani, akasimama ghafla.

"Bi Mpishi! Shikamoo! Mbona hatukupata habari? Arusi ni ya nani?"

"Marahaba. Hapana arusi, mwanangu. Nimekuja kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

Bi Mpishi akaitazama bahari.

"Si kwa mtu," akasema. "Nimekuja kutembea tu."

Yule mama akaenda zake, akigeuka kila baada ya hatua chache kututazama. Bi Mpishi akavua raba zake, akanyoosha miguu yote miwili mchangani, ule mzima na ule mgonjwa, na mikono yake ikatulia.